Barua ya Wazi Kuhusu Kumbukumbu na Alama za Jeshi la Wanamaji la Kenya

Likoni, Mombasa

Kwa waheshimiwa wote mliokabidhiwa ulinzi wa bahari yetu, makumbusho yetu na nyaraka za taifa,

KUH: HISTORIA NA ALAMA ZA JESHI LA WANAMAJI LA KENYA

Waheshimiwa,

Natanguliza salamu za heshima. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, mkazi wa Likoni, na mjukuu wa baharia aliyetumika katika jeshi la majini la Afrika Mashariki kabla nchi hii haijapata uhuru. Naandika hadharani kwa sababu milango ya faragha nimeibisha nikachoka. Barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono katika ofisi moja ya serikali ambayo sitaitaja jina, kwa kuwa sikusudii kumwaibisha karani yeyote, nikajibiwa kwa mstari mmoja kwamba imepokelewa. Ya pili haikujibiwa. Ya tatu niliifuatilia mwenyewe, nikaambiwa suala hili ni la ofisi nyingine, na ile ofisi nyingine ikanirudisha kwa ile ya kwanza. Mtu wa pwani anajua kuyasoma maji yanayozunguka mahali pamoja bila kwenda popote.

Jambo lenyewe naweza kulieleza kwa ufupi. Nchi hii imehifadhi vizuri masalio ya majeshi ya majini ya wageni yaliyopita hapa, lakini ya kwake haijayaweka mahali ambapo mwananchi wa kawaida anaweza kuyaona, kuyasoma na kuelezwa maana yake. Nayaorodhesha malalamiko yangu kwa namba ili anayetaka kuyajibu asipate shida ya kuyatafuta.

1. Mizinga ya wageni tunayo, ya kwetu tutaionea wapi?

Mtoto wa shule akipelekwa Fort Jesus leo ataukuta mzinga wa meli ya Kijerumani Königsberg, na karibu yake mzinga wa meli ya Kiingereza Pegasus. Nimewapeleka wanafunzi wangu huko mara nyingi, na kila mara niliwasimulia kisa chake kwa furaha, maana ni kisa kizuri. Tarehe 20 Septemba 1914 Pegasus ilikuwa imetia nanga bandarini Unguja, mitambo yake imefunguliwa kwa matengenezo, Königsberg ikaivamia alfajiri na kuizamisha. Kisha Königsberg ikajificha katika delta ya mto Rufiji, ikazingirwa kwa miezi mingi, mpaka Waingereza wakaleta meli mbili za tumbo bapa, Severn na Mersey, zinazoweza kuingia maji mafupi. Tarehe 11 Julai 1915 Wajerumani waliizamisha wenyewe baada ya kupigwa vibaya. Hata hapo mizinga yake haikufa: iliopolewa, ikafungwa magurudumu, ikakokotwa nchi kavu kwa nguvu za Waafrika ili itumike katika vita vya Tanganyika. Leo wapinzani wawili wamewekwa jirani ndani ya ngome ya Mreno, nao watalii wanapiga picha katikati yao.

Katika ngome hiyo hiyo vimo vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, meli ya kivita ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 Waomani walipokuwa wameizingira ngome. Wapiga mbizi waliichimbua chini ya bahari kati ya 1977 na 1980. Kazi hiyo naiheshimu sana, na sina neno dhidi ya walioifanya. Meli ya Mreno imekaa chini ya maji karibu miaka 280, ikatafutwa, ikapimwa, ikachorwa, na vyombo vyake vikawekwa ndani ya vioo.

Sasa nauliza kuhusu KNS Simba (KNS ni Kenya Navy Ship, yaani meli ya Jeshi la Wanamaji la Kenya). Hiyo ndiyo meli ya kwanza kati ya tatu zilizoundwa Uingereza na kampuni ya Vosper, zikafika kwetu mwaka 1966, wenzake wakiwa Chui na Ndovu. Zilikuwa mashua za doria zenye urefu wa mita 31 hivi na mizinga ya milimita 40, si manowari za kutisha dunia, lakini zilikuwa meli za kwanza mpya kabisa kubeba bendera yetu. Kengele ya KNS Simba iko wapi? Usukani wake uko wapi? Bamba la shaba lenye jina lake limetundikwa katika ukuta gani ambao mtoto wa Mtongwe anaweza kuufikia bila kibali cha kuingia kambini? Kama Mreno wa 1697 amepata kioo chake, naamini Simba wa 1966 anastahili japo rafu.

2. Historia yetu ya majini haikuanza tarehe 12 Desemba 1964

Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizinduliwa tarehe 12 Desemba 1964, siku ile ile nchi ilipokuwa jamhuri, na ni jambo la fahari kwamba siku hizo mbili zimeoana. Hata hivyo, tunapoisimulia historia hii kana kwamba ilianzia hapo, tunawafuta watu. Kikosi cha kwanza cha wanamaji wa kujitolea kilianzishwa Kenya mwaka 1933, makao yake yakiwa hapa Mombasa. Vita Kuu ya Pili ilipofika, Tanganyika na Zanzibar nazo zikawa na vikosi vyao. Mwaka 1950 likaundwa jeshi moja la majini la Afrika Mashariki, ambalo baadaye kidogo lilipewa hadhi ya kifalme, na gharama zake zikachangiwa na makoloni ya ukanda huu. Jeshi hilo lilivunjwa mwaka 1962.

Meli yake iliyojulikana zaidi iliitwa Rosalind, chombo kilichoundwa wakati wa vita kwa umbo la meli za uvuvi, kikabatizwa jina la mhusika wa Shakespeare. Marehemu babu yangu alikuwa mpeleka ishara ndani ya Rosalind. Jina hilo hakupata kulitamka kama Waingereza. Kwetu nyumbani meli ile iliitwa Rozalina, na sisi wajukuu tuliamini kwa muda mrefu kwamba Rozalina ni bibi mwingine aliyewahi kuolewa na babu. Alitufundisha bendera za ishara kwa vipande vya kanga kuukuu alivyovishona kwenye kamba: hiki maana yake nina mgonjwa ndani, hiki maana yake naomba rubani wa bandari, hiki kaa mbali nami. Kila mara bibi alipokosa kanga alijua pa kuanzia kuitafuta.

Watu wa aina ya babu yangu walikuwa Waafrika wa nchi zote hizi, wakivaa sare moja na kula chungu kimoja miaka mingi kabla wanasiasa hawajaanza kuzungumza juu ya jumuiya. Jeshi lao lilipovunjwa walirudi makwao, wengine wakashika nyavu, wengine wakaajiriwa bandarini. Orodha ya majina yao inapaswa kuwa mahali ambapo mjukuu anaweza kuisoma. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1962 leo amevuka 80. Muda wa kuwauliza waliobaki unahesabika kwa misimu, kama kaskazi na kusi.

3. Kilindini ya wakati wa vita imesahaulika na wenye Kilindini

Mwezi Aprili 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Colombo, kundi la manowari za Kiingereza za mashariki chini ya Admirali James Somerville liliihama Ceylon (Sri Lanka ya leo) na kufanya Kilindini, bandari ya Mombasa, kuwa makao yake. Pamoja nalo walikuja watu wa kufumbua misimbo ya redio ya Wajapani, nao wakapewa jengo la shule ya Allidina Visram, lile linaloitazama bahari. Maelfu ya Wakenya wamesoma katika shule hiyo. Nimekutana na wengi waliohitimu hapo bila kuambiwa hata siku moja kwamba ndani ya madarasa yao ziliwahi kusomwa siri za jeshi la majini la Japani.

Kambi ya nchi kavu ya Waingereza hapa Kilindini iliitwa HMS Tana, kwa desturi yao ya kuipa kambi jina kana kwamba ni meli. Miaka zaidi ya hamsini baadaye jeshi letu lilipata meli yake ya KNS Tana. Jina moja, bandari moja, bendera mbili tofauti. Mwalimu akipewa kisa hicho kimoja tu atafundisha ukoloni, vita na uhuru kwa kipindi kizima bila kufungua kitabu.

Kutoka bandari hii pia iliondoka meli ya Khedive Ismail, iliyokuwa imewabeba, pamoja na wengine, askari wa mizinga wa Afrika Mashariki wakielekea Colombo. Tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani iliipiga karibu na Maldivi, ikazama kwa dakika zisizozidi mbili au tatu. Waliokufa walizidi 1,200. Askari hao wa Afrika Mashariki hawakuwa wanamaji, hilo nalijua, lakini kaburi lao ni bahari na mahali pa mwisho walipokanyaga nchi kavu ya kwao ni hapa. Gati la Kilindini halina budi kuwa na jiwe lao.

4. Alama zetu hazielezwi

Kila mtoto wa Kenya akiulizwa rangi za bendera ya taifa atajibu bila kusita: nyeusi ni wananchi, nyekundu ni damu iliyomwagika kwa ajili ya uhuru, kijani ni ardhi, nyeupe ni amani. Amefundishwa. Sasa mwonyesheni bendera ya wanamaji, ile nyeupe yenye bendera ya taifa katika pembe ya juu karibu na mlingoti na nanga nyekundu upande unaopepea, mkamuulize ni ya nani. Nimefanya jaribio hilo darasani mara kadhaa. Jibu la mara kwa mara lilikuwa kwamba ni ya klabu ya kuogelea. Mmoja alisema ni ya hospitali.

Weupe wa bendera hiyo una nasaba yake, maana umetoka katika mila ya Waingereza ya bendera nyeupe shetrini mwa meli za kivita, nasi tukaondoa msalaba wao na kuweka ngao na mikuki yetu. Hilo ni tendo la kisiasa lililofanywa kwa kitambaa. Nanga nayo ni alama ambayo Mswahili haihitaji kufasiriwa, kwa sababu nanga ilikuwa ikitupwa katika mwambao huu kabla ya Vasco da Gama kuijua njia. Lakini maelezo rasmi, yaliyoandikwa kwa Kiswahili fasaha na kubandikwa shuleni, ndiyo ninayoyaomba, na ndiyo ambayo nimeyaomba mara tatu.

Kuna pia suala la vyeo. Mkuu wa Jeshi la Wanamaji wa Kenya huitwa Meja Jenerali, chini yake wapo Mabrigedia na Makanali, vyeo vile vile vya jeshi la nchi kavu. Jenerali Joseph Kibwana, mwanamaji wa kwanza kuwa Mkuu wa Majeshi, aliyeshika wadhifa huo kati ya 2000 na 2005, alistaafu kama Jenerali, na ndivyo alivyokuwa Jenerali Samson Mwathethe kati ya 2015 na 2020. Jirani zetu wa Tanzania kamandi yao ya majini huongozwa na Rea Admirali. Sisemi kwamba Tanzania wamepatia na sisi tumekosea. Inawezekana kabisa kuwa na sababu nzuri ya majeshi yetu yote kutumia ngazi moja ya vyeo. Ila mwananchi anayelipa kodi anastahili kuelezwa sababu hiyo, kwa maana cheo ni alama kama bendera ilivyo alama.

5. Majina ya meli ni kitabu ambacho hatujakifungua

Hapa naomba mnivumilie, kwa kuwa ndipo moyo wangu ulipo. Nchi nyingi huzipa meli zao majina ya majemadari na wafalme. Sisi tulizipa meli zetu majina ya Kiswahili, na mtu akiyapanga kwa mfuatano wa miaka ataisoma historia ya taifa zima.

Kwanza walikuja wanyama: Simba, Chui, Ndovu mwaka 1966, na Mamba mwaka 1974. Taifa changa likajipima kwa ukali wa porini. Angalieni kwamba aliyechagua alisema Ndovu, hakusema Tembo. Nadhani alikuwa mtu wa pwani au alikuwa na mshauri wa pwani, maana tembo huku pwani ni pombe ya mnazi pia, na meli ya kivita iitwayo Tembo ingepita mbele ya wagema wa huku Likoni na kuitwa meli ya mnazi mpaka ikaoze. Na Mamba wetu ni yule wa mtoni mwenye meno, ingawa mgeni asiyejua Kiswahili atadhani ni yule nyoka mweusi.

Kisha, katikati ya miaka ya 1970, zikaja Madaraka, Jamhuri na Harambee. Wanyama wameondoka, sasa ni siku za taifa na wito wa Mzee Kenyatta. Madaraka ni tarehe 1 Juni, Jamhuri ni 12 Desemba ambayo ndiyo siku ya kuzaliwa kwa jeshi lenyewe, na Harambee ni sauti ya watu wanaovuta kamba pamoja, sauti ambayo kwa kweli yafaa zaidi melini kuliko jukwaani.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 zikaja Nyayo na Umoja, manowari zenye makombora, kubwa kuliko zote zilizotangulia. Asiyeujua mwaka zilipoundwa ataukisia kwa kusikia majina tu. Ni enzi ya Rais Moi, na kila aliyesoma shule wakati huo amekunywa maziwa ya Nyayo na kuimba amani, upendo na umoja. Mwaka 1994 zikafika Galana na Tana, mito miwili inayomwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Huo Galana wenyewe ni mto wa majina matatu, huko juu ukiitwa Athi na ukifika karibu na Malindi ukiitwa Sabaki. Baadaye sifa za ushujaa zikashika zamu: Shujaa na Shupavu mwaka 1997, na Jasiri iliyofika mwaka 2012 baada ya mzozo mrefu wa mkataba. Mwaka 2011 jina la Harambee lilirudi tena, safari hii juu ya meli iliyotoka Ufaransa.

Wanyama, siku za taifa, kaulimbiu ya rais, mito, sifa. Hizo ndizo zama tano za Kenya zilizoandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni mwa chuma. Sijapata kuona ukurasa mmoja rasmi unaoyaeleza majina haya kwa pamoja. Halafu juu ya kila jina la Kiswahili tumebandika herufi KNS, ambazo ni ufupisho wa Kiingereza, kama mtu aliyevaa kanzu na kofia ya vito akafunga tai. Sitagombana juu ya hilo. Naliandika tu ili lisije likasemwa kwamba hakuna aliyeliona.

6. Tunawakumbuka wanamaji siku ya msiba tu

Jina la Mtongwe, ambako jeshi hili lina makao yake, linajulikana nchini kote kwa feri iliyopinduka tarehe 29 Aprili 1994 na kuua watu zaidi ya 250. Sisi wa upande huu hatuhitaji kukumbushwa. Mwaka 2019, gari lilipotumbukia katika kivuko cha Likoni likiwa na watu ndani, nchi nzima ilikaa mbele ya runinga kwa siku kadhaa ikiwatazama wapiga mbizi wa Jeshi la Wanamaji wakitafuta katika maji ya kina na mkondo mkali. Siku hizo Wakenya walijifunza kwamba tuna wanamaji. Walipolitoa gari, wanamaji wakasahaulika tena.

Kadhalika tarehe 28 Septemba 2012 jeshi hili lilishiriki kuwashusha askari ufukweni Kismayu, Somalia, usiku, operesheni ambayo nchi chache za Afrika zimeijaribu. Ni ukurasa mkubwa katika historia ya jeshi lililoanza na mashua chache za doria, nao unahitaji kuelezwa na waliokuwa ndani ya vyombo, kabla haujabaki mikononi mwa waandishi wa nje peke yao.

7. Vitu vya familia yangu

Hili ni dogo mbele ya hayo yote, nalo ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Miaka kadhaa iliyopita nilisikia kwamba vitu vya zamani vya wanamaji vinakusanywa kwa ajili ya maonyesho. Nikapeleka picha tatu za babu akiwa na wenzake juu ya sitaha ya Rosalind, cheti chake cha kuachishwa kazi, na utepe wa kofia wenye herufi za dhahabu ulioanza kufifia. Nilipewa kikaratasi kilichoandikwa kwa kalamu, bila muhuri. Maonyesho hayakufanyika. Aliyenipokea alihamishwa. Aliyemfuata aliniambia hana habari ya vitu hivyo, akaniuliza kwa upole kama nina hakika nilivileta kwao.

Nina hakika. Kikaratasi ninacho.

Waheshimiwa, nimeishi serikalini kama mwalimu kwa muda wa kutosha kujua majibu yatakavyokuwa, kwa hiyo naomba niyajibu mapema ili tusipotezeane wakati.

Mtasema ni suala la usalama. Mizinga ya KNS Simba, urefu wake na kampuni iliyoiunda vimechapishwa katika vitabu vya meli vya Ulaya tangu ilipoundwa, na adui gani atakayefaidika na kengele ya shaba ya mwaka 1966? Sijaomba kuoneshwa rada. Naomba kuoneshwa usukani.

Mtasema kumbukumbu zipo ndani ya kambi na zinatunzwa vizuri. Nafurahi kama ndivyo, na waliozitunza nawapongeza. Lakini kumbukumbu inayoonwa na walioiweka peke yao ni akiba, haijawa elimu. Wagawieni wananchi sehemu yake.

Mtasema enzi ya kabla ya 1964 ni historia ya mkoloni. Fort Jesus ilijengwa na nani? Reli ilijengwa na nani? Bendera ya babu yangu ilikuwa ya mkoloni, lakini mikono iliyoipandisha ilikuwa yake, na watoto aliowalisha kwa mshahara ule ni Wakenya wenzenu. Kumwita kibaraka mtu aliyekuwa akipeleka ishara baharini ili meli zisigongane ni dhuluma ambayo hata mkoloni hakumfanyia.

Mtasema hakuna fedha. Hapa nakubali kwamba makumbusho kamili ya majini, yenye gati na meli iliyostaafu inayopandwa na wageni, ni gharama kubwa, wala sijaiweka katika maombi yangu. Chumba kimoja, rafu, vioo na mtu wa kufungua mlango asubuhi ni gharama ya semina mbili za hotelini. Nasema hivyo bila kejeli, nimehudhuria semina hizo.

Ninachoomba, basi, ni haya:

Kwanza, itengwe sehemu ya wazi kwa umma hapa Mombasa, iwe Fort Jesus, iwe Likoni, iwe karibu na kivuko ambako maelfu hupita kila siku, itakayoonesha vitu vya meli za kwanza za Jeshi la Wanamaji la Kenya: kengele, usukani, bendera, mabamba ya majina, sare na picha.

Pili, itolewe orodha ya Waafrika waliotumika katika vikosi vya majini kati ya 1933 na 1962, na wazee waliobaki wahojiwe kwa sauti na kurekodiwa, kwa kushirikiana na Tanzania, kwa sababu jeshi lile lilikuwa letu pamoja nao.

Tatu, kichapishwe kijitabu cha Kiswahili kinachoeleza bendera, nanga, vyeo na majina ya meli, kigawiwe katika shule za kaunti zote za pwani kwa kuanzia. Niko tayari kukiandika bila malipo, na wapo walimu wenzangu wastaafu walio tayari kukisahihisha.

Nne, Khedive Ismail ipate jiwe lake Kilindini, na liwekwe kabla ya tarehe 12 Februari ijayo.

Tano, picha tatu, cheti na utepe wa kofia wa babu yangu virudishwe, au niambiwe kwa maandishi yenye sahihi na muhuri viko wapi. Vikiwa vitawekwa katika hicho chumba ninachokiomba, familia itavitoa kwa moyo mkunjufu na haitadai hata senti.

Naomba jibu katika siku 90. Siku hizo zikipita nitakuja mwenyewe katika ile ofisi, Jumatatu ya kwanza baada yake, saa mbili asubuhi, kwa feri ya kwanza itakayonichukua. Nitakuwa na kikaratasi changu, na kipande kimoja cha kanga ya bibi kilichosalia katika zile bendera za babu, chekundu na cheupe, ambacho alituambia maana yake ni kwamba chombo kinasubiri maagizo.

Wenu mtiifu,

Mwalimu mstaafu, mjukuu wa mpeleka ishara wa Rosalind
Likoni, Mombasa